Kila ofisi ina "mtu wa mfumo", na akihama tunaanza upya. Tuzungumze kuhusu kugawana ujuzi kazini

Wakuu heshima kwenu, wengine habari za kazi.

Naleta uzi huu kwa sababu jambo lenyewe linatuumiza ofisi nyingi na halisemwi wazi. Mimi ni mtu wa TEHAMA kwenye taasisi ya umma, na sehemu kubwa ya siku yangu naimalizia kwenye meza za watu: wahasibu, maafisa ununuzi, masijala, wauguzi wanaoingiza takwimu. Uzi ni mrefu. Mwenye uzoefu naomba asome mpaka chini kisha achangie.

Kila ofisi ina mtu wake wa mfumo, yule anayekimbiliwa mfumo wa kompyuta unapogoma. Mara nyingi si mkuu wa kitengo, na wala si mimi niliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Ni yule dada wa uhasibu anayejua kwamba ukiambatisha nyaraka kabla ya kuhifadhi muamala, mfumo unakutoa nje na unaanza upya. Anajua kasma ipi, yaani fungu lipi la bajeti, itagoma robo ya nne ikifika. Anajua kwamba ujumbe mwekundu wa "taarifa si sahihi" wakati mwingine ni nafasi tupu tu iliyobaki mwishoni mwa jina la mlipwaji. Ifute, malipo yanapita. Hayo hayamo kwenye mwongozo wa mtumiaji. Siku zinazokaribia 30 Juni, mwaka wa fedha ukiwa unafungwa, foleni inakuwa mezani kwake.

Sasa dada huyo apate uhamisho, au aende likizo ya uzazi. Wiki hiyo hiyo malipo yanarundikana, simu zinapigwa mpaka usiku, na huyo mzazi anaelekeza watu huku kambeba mtoto. Wapo wanaoliona hilo ni jambo la kawaida. Mimi naona ni aibu ya taasisi.

Wakubwa wengi hulimaliza suala hili kwa kusema watumishi ni wachoyo wa ujuzi. Sikubaliani nao. Mtu aliye kwenye mkataba wa mwaka mmoja mmoja akimfundisha mwenzake kila anachokijua, nini kitamhakikishia kwamba mkataba utahuishwa? Na kuna kundi ambalo hatulitaji: vijana wanaojitolea. Ofisi nyingi nilizopita, anayejua mfumo kuliko wote ni kijana anayejitolea, hana mshahara, nauli anajilipia, na akiandika maelekezo mazuri ya kurasa tatu yanakwenda juu yakiwa na jina la mtu mwingine. Kijana huyo akiamua kukaa kimya mwaka unaofuata, mimi simlaumu hata kidogo.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: ujuzi wa kazini hausogei kwa sababu tumenunua mfumo mpya. Unasogea pale ambapo watu wenye tatizo moja wanapata nafasi ya kuongea, na aliyetoa suluhisho habaki mtupu. Teknolojia inasaidia baada ya hapo.

Niwape mfano ninaoupenda, maana umefanyiwa utafiti wa kina na matokeo yake yanajulikana. Kampuni ya Xerox ya Marekani, watengenezaji wa mashine za fotokopi, ilikuwa na maelfu ya mafundi wanaozunguka kwa wateja. Kampuni iliwapa vitabu vya maelekezo: mashine ikionyesha namba fulani ya kosa, fanya hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Miaka ya 1980 mwanaanthropolojia wa kituo chao cha utafiti cha PARC, Julian Orr, alifuatana na mafundi hao kama ambavyo wenzake walikuwa wanakwenda kuishi vijijini. Alichokiona ni kwamba kazi yenyewe ilikuwa inafundishwa kwenye chai na chakula cha mchana. Mafundi wanakaa, mmoja anasimulia mashine iliyomtesa, mwingine anadakia "hata ile ya kwangu ilifanya hivyo, ila ilipopoa ikaacha", na hapo hapo watatu wamejifunza kitu ambacho hakimo kitabuni. Katika kisa kimoja alichokiandika, fundi na mtaalamu wake walisimama mbele ya mashine ambayo namba yake ya kosa haikuendana na ugonjwa wenyewe. Kitabu kikawaishia. Wakabaki kukumbushana visa vya mashine nyingine, wakijaribu hiki na kile, mpaka picha ya tatizo ikajengeka.

Zingatieni hapo: mkaguzi wa ufanisi kazini angepita saa hiyo ya chai angeona watu wamekaa tu.

Sehemu ya pili ya kisa ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wa mifumo. Miaka ya 1990 watu wa PARC walitengeneza mfumo wa kukusanya mbinu hizo za mafundi, wakauita Eureka. Ulianzia Ufaransa, ambako mafundi walikuwa tayari na Minitel, ule mtandao wa simu wa Wafaransa uliokuwepo kabla ya intaneti kuenea. Fundi anaandika mbinu yake, wenzake wabobezi wanaikagua na kuijaribu, ikipita inawekwa ili wote waione. Kulikuwa na wazo la kulipa fedha kwa kila mbinu. Mafundi wenyewe walilikataa, wakisema watu wataanza kuhesabu idadi badala ya kuangalia ubora. Walichotaka ni jina la fundi libaki kwenye mbinu yake. Basi ikawa hivyo. Mfumo ukasambaa nchi nyingine, na kisa kinachosimuliwa sana ni cha Brazil: mteja alikuwa na mashine ya rangi inayosumbua mfululizo, ilikuwa inakaribia kubadilishwa kwa gharama ya dola 40,000 hivi, fundi akakuta mbinu ya mwenzake wa Montreal, Kanada, iliyompeleka kwenye kishikio cha fyuzi cha senti 50. Wawili hao hawakuwa wamekutana.

Nasisitiza mambo mawili ambayo wanunuzi wa mifumo huyaruka. Kwanza, mbinu haikuingia bila mtu mwenye uzoefu kuithibitisha. Pili, jina lilibaki.

Turudi kwetu. Eureka yetu tunayo, ni makundi ya WhatsApp. Nimo kwenye makundi kadhaa ya watumiaji wa mifumo, na nawaambieni kwa dhati, yameokoa kazi nyingi kuliko semina za hotelini. Mtu wa Songea anaandika saa nne usiku, "Wapendwa, malipo yamekataliwa benki na yamerudi, narudishaje kwenye mfumo?" Mwenzake wa Singida ambaye hawajawahi kuonana anarekodi sauti ya dakika tatu: bonyeza hapa, usiguse pale, subiri mpaka rangi ibadilike. Asubuhi malipo yamekwenda. Hakuna aliyemlipa yule wa Singida, wala bosi wake hajui.

Ila kundi halina kumbukumbu. Mwezi ujao swali lile lile linaulizwa, na wa Singida kachoka. Sauti haitafutiki kwa neno. Mgeni akiingizwa kundini, kwa kawaida haoni yaliyojibiwa zamani. Simu ikiibiwa, imeondoka na maktaba. Halafu katikati kuna salamu za Ijumaa, michango ya harusi na matangazo ya viwanja, jibu limezama huko.

Kwenye taasisi moja tulianza kitu kidogo ambacho hakikugharimu manunuzi yoyote. Jedwali la kawaida la pamoja. Kila tatizo mstari wake: maneno ya kosa kama yalivyoandikwa kwenye skrini, neno kwa neno, ili mtu akitafuta ayapate, tulichogundua kuwa chanzo, kilichofanyika, jina la aliyegundua, jina la aliyejaribu akathibitisha, tarehe. Hiyo tarehe msiidharau. Mfumo ukiboreshwa, mbinu ya mwaka jana inaweza kuharibu muamala wa leo, na watu wanaiamini kwa sababu iliwahi kuwasaidia. Kila robo mtu mmoja anapita anafuta yaliyokufa. Aliyejibu kundini haombwi kuandika tena. Kuna mwenye zamu ya kusikiliza zile sauti na kuziandika. Kumwongezea kazi anayesaidia ndiyo njia ya haraka ya kumnyamazisha.

Karibuni, hasa mnaotoka nje ya serikali.

Mchangiaji (muuguzi, Kanda ya Ziwa):
Asante mleta uzi, umegusa penyewe. Hospitalini tuna uzoefu wa 5S, ile njia ya hatua tano ya kupanga na kuboresha sehemu ya kazi, wale wa zamani wanakumbuka: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Ilianzia Hospitali ya Rufaa Mbeya mwaka 2007 kwa ushirikiano na Wajapani wa JICA, shirika lao la misaada ya maendeleo, ikaenea. Kilichonifundisha si zile lebo kwenye makabati. Ni timu ndogo za wodi, mhudumu wa usafi anakaa meza moja na daktari na anasikilizwa. Kwetu mhudumu ndiye aliyesema kwa nini glavu zinaisha usiku: ufunguo wa stoo unaondoka na mtu wa mchana. Hakuna mfumo wa kompyuta ungetuambia hilo.
Swali langu ni la kundi la WhatsApp la wodi. Tunaulizana mambo ya wagonjwa, na picha za vidonda na za eksirei zinapita humo. Linatusaidia sana usiku daktari bingwa akiwa nyumbani. Je, tunavunja sheria?

Mleta uzi:
Dada, hilo la ufunguo wa stoo nitalitumia kufundishia, kwa ruhusa yako.
Kuhusu picha, tahadhari ni kubwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya zimo kwenye zile nyeti. Jina la mgonjwa, namba ya faili au sura yake isiingie kundini kabisa. Kingine ambacho watu hawakifikirii: simu nyingi zinahifadhi picha zenyewe kwenye ghala la picha, na mtoto nyumbani anachezea simu hiyo hiyo. Zima uhifadhi huo leo. Ila nisikudanganye kwamba tahadhari hizi zinatosha. Hospitali ndiyo inayopaswa kuwapa njia rasmi ya kumfikia bingwa usiku, na mkiwa mnaidai, pelekeni hoja kama ulivyoiandika hapa: inaokoa watu, tunaihitaji, tupeni iliyo salama. Wakubwa wakipiga marufuku WhatsApp bila kuleta mbadala, watu wataendelea kwa kujificha, na hapo ni hatari zaidi.

Mchangiaji (mwalimu wa msingi):
Kwetu walimu kuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, na jumuiya za ujifunzaji ngazi ya shule. Taasisi ya Elimu imeweka na mfumo wa mtandaoni wenye moduli. Nimeona jumuiya hizo zikiwa hai na nimeziona zikiwa maiti, hivyo naweza kuzungumzia zote mbili.
Maiti ni hii: tunakaa, mmoja anasoma moduli kwa sauti kwenye simu pekee yenye bando, tunasaini mahudhurio, tunapiga picha inatumwa kwa afisa elimu, tunatawanyika. Hai ni siku mwalimu wa hisabati alipokuja na daftari la mtoto. Mtoto kajumlisha nusu na theluthi moja, kapata mbili ya tano. Tukaanza kubishana kwa nini kafanya hivyo, maana kwa akili yake yuko sahihi: moja na moja mbili, mbili na tatu tano. Mwalimu wa darasa la tatu akasema, jamani, hilo linatokana na mimi, nawafundisha kuona ile namba ya juu na ya chini kama namba mbili tofauti. Mwingine akakata chungwa nusu, akakata lingine vipande vitatu, akauliza wote tulioko pale, hivi vipande ni sawa? Tulikaa mpaka jua linazama, na hakuna aliyeuliza posho.

Mleta uzi:
Mwalimu, umesema kwa ufupi jambo ambalo mimi nimelizunguka. Ninyi mlikuwa na kitu mezani, daftari la mtoto halisi lenye kosa halisi. Mafundi wa Xerox walikuwa na mashine iliyogoma. Wahasibu wangu wana malipo yaliyorudi. Mkikaa na mada tu, mtasoma moduli. Nadhani hata ile picha ya mahudhurio ingebadilishwa kuwa picha ya lile daftari, jina la mtoto likiwa limefichwa, pamoja na mistari miwili ya mlichokubaliana. Afisa elimu angepata kitu cha kupeleka shule nyingine.

Mchangiaji (utumishi na utawala):
Mnakuza jambo. Utaratibu upo: mtu akihama aandike hati ya makabidhiano, ikaguliwe, ikae kwenye jalada. Watumishi hawafuati utaratibu, halafu lawama inakuja kwa uongozi. Miongozo ikiandikwa vizuri, hata mgeni atafanya kazi siku ya kwanza.

Mleta uzi:
Mkuu, hati ya makabidhiano naiunga mkono na iandikwe. Ninachokataa ni kuamini kwamba itatosha. Nitoe mfano wa mahali ambapo huwezi kuwatuhumu kwa uzembe wa kutunza siri wala uhaba wa fedha: silaha za nyuklia za Marekani. Kuna nyenzo ya siri waliyoiita Fogbank, iliyotumika kwenye kichwa cha kombora aina ya W76. Waliitengeneza kiwandani Y-12, Oak Ridge, Tennessee, kuanzia 1975 hadi 1989, wakafunga. Takriban mwaka 2000 wakaamua kuvikarabati vichwa hivyo, na wakaihitaji tena. Kumbukumbu walizoweka zilikuwa chache, na karibu wataalamu wote walikuwa wamestaafu au wameondoka. Mkaguzi wa serikali yao aliliandika hilo waziwazi mwaka 2009: kuchelewa kwa angalau mwaka mmoja na mamilioni ya dola.
Na kuna kipande cha ndani zaidi. Walipofanikiwa kuitengeneza upya kwa kufuata hatua walizonazo, haikuwa sawa na ya zamani. Baadaye ikagundulika kwamba malighafi ya zamani ilikuwa na uchafu fulani uliokuwa unaisaidia, na utaratibu mpya wa kusafisha ulikuwa unauondoa. Wafanyakazi wa zamani wenyewe hawakujua kwamba uchafu ule ndio uliokuwa unafanya kazi. Sasa mtu ataandikaje kwenye hati ya makabidhiano kitu ambacho hajui kwamba anakifanya?
Ndiyo maana naomba wiki mbili, hata moja, za anayeondoka na anayeingia kukaa meza moja wakifanya kazi halisi, anayeingia ndiye anayeshika kipanya. Tunajua tarehe za kustaafu za watu wetu miaka mingi kabla. Miaka 60 ya lazima haimshtukizi mtu. Inakuwaje mrithi anateuliwa mzee akiwa ameshaagwa na zulia la zawadi analo nyumbani?

Mchangiaji (Nairobi):
Mimi nafanya kazi kituo cha huduma kwa wateja huku Nairobi. Kampuni imeleta akili unde (AI), inasoma mazungumzo yetu yote na kumpendekezea mhudumu jibu. Wageni wamefurahi sana. Sisi wa miaka mingi tunajiuliza, kwani imejifunza kutoka kwa nani? Majibu mengine naona ni maneno yangu kabisa.

Mleta uzi:
Ndugu yangu, swali lako ni zito na nimelisubiri. Upo utafiti wa Erik Brynjolfsson, Danielle Li na Lindsey Raymond, ulitoka mara ya kwanza 2023, juu ya wahudumu wa wateja zaidi ya 5,000 wa kampuni moja waliopewa msaidizi wa namna hiyo. Kwa wastani masuala yaliyotatuliwa kwa saa yaliongezeka takriban asilimia 14. Wageni na wenye ujuzi mdogo waliongezeka kwa asilimia 34 hivi, na wenye uzoefu mkubwa karibu hawakubadilika. Maelezo ya watafiti ni kwamba mashine ilikuwa inachukua namna ya kuongea ya wahudumu bora na kuisambaza kwa wengine. Kwa hiyo hujakosea kuyatambua maneno yako.
Mimi siipingi teknolojia hiyo. Mgeni ambaye angeteseka miezi anasimama vizuri mapema, na mteja anahudumiwa. Lakini tazama kilichoachwa: fundi wa Montreal jina lake lilikwenda na mbinu yake mpaka Brazil, wewe maneno yako yanafika kwa mgeni bila jina, na tathmini yako ya mwaka bado inahesabu simu ulizopokea wewe mwenyewe tu. Tena mkianza kukaa kimya ninyi wazoefu, mashine hiyo itakula nini mwaka kesho bidhaa zikibadilika? Mkiwa na chama cha wafanyakazi, hili liingie kwenye majadiliano ya mkataba: mchango wa mazungumzo yanayofundishia mashine uhesabiwe kwenye tathmini na kwenye malipo.

Mchangiaji:
Mkuu, mimi ni mmoja wa hao wanaojitolea. Nimesoma uzi wote. Nifanye nini kivitendo? Nikikataa kufundisha naonekana sina nidhamu.

Mleta uzi:
Mdogo wangu, fundisha, ila acha alama. Kila maelekezo unayoandika yawe na jina lako, tarehe na toleo, chini ya kila ukurasa, na uyatume kwa barua pepe ya ofisi kwa msimamizi na nakala kwa mkuu wa kitengo, usipeleke kwenye flashi peke yake. Ukiwafundisha watu, andika orodha ya waliohudhuria na mada, msimamizi asaini. Ukifika kwenye usaili wa ajira, hiyo ni kazi iliyofanyika, unaweka mezani. Omba pia barua ya utambulisho wa kazi mapema, ungali pale, kabla msimamizi anayekufahamu hajahamishwa.
Na wakubwa mnaosoma hapa kimyakimya, najua mpo: kijana huyu nauli yake ya mwezi ni chini ya posho ya siku moja ya semina ya mfumo anaoujua kuliko mtoa mada. Anzeni na nauli.

Kesho jioni nitaweka hapa muundo wa lile jedwali, safu zake na mifano mitatu ambayo nimeondoa taarifa za ofisi. Wenye la kwenu mnalolitumia kiwandani, shuleni au wodini, liwekeni tulinganishe.